Kupanga Kibamba, Kiluvya mpaka Kibaha huku kazi iko mjini: anza na njia, kodi baadaye

Watu wengi wanaohamia huku pembeni mwa Dar es Salaam wanavutwa na bei. Unaambiwa kwa hela ile ile unayolipia chumba kimoja Sinza na choo mnachangia watu wanne, huku Kibamba unapata chumba, sebule, jiko na choo cha ndani, kuna fensi, kuna mwembe uani na usiku ni kimya unasikia vyura tu. Ni kweli kabisa, mimi napapenda huku na sina mpango wa kuhama. Ila nimeona majirani wengi wakija kwa furaha na baada ya miezi sita wanapakia vitu kurudi Ubungo au Tabata, na sio kwamba nyumba ilikuwa mbaya, nyumba nzuri tu, kilichowashinda ni kutoka humo ndani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku siku tano sita kwa wiki, mtoto anamuona baba yake jumapili tu. Kwahiyo naanza na njia kwanza, alafu nyumba, alafu ndio hela na karatasi.

Nazungumzia ukanda wa Morogoro Road kuanzia Mbezi Mwisho kupanda juu, yani Luguruni, Kibamba, Kiluvya, Maili Moja, Picha ya Ndege. Anayetafuta Bunju, Chanika au Goba mengi humu yatamfaa pia. Kigamboni ina mambo yake ya pantoni na daraja, hayo siyagusi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya njia kabla hujaangalia nyumba hata moja

Chukua karatasi. Andika kila chombo utakachopanda kutoka mlangoni mpaka kazini, na sio "daladala mpaka mjini" tu, hapana. Andika boda kutoka ndani mpaka lami, daladala mpaka Mbezi au Kimara, kutoka hapo mwendokasi (yale mabasi yenye njia yake peke yake) au daladala nyingine mpaka Posta au Kariakoo, na kama ofisi iko Masaki au Mikocheni ongeza kipande kingine. Tuseme kwa mfano kwenda ni elfu tatu, na kurudi elfu tatu. Kwa siku ni elfu sita, ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi ni 156,000. Sasa kama nyumba ni laki moja na nusu, hiyo nyumba kwako ni laki tatu na elfu sita, na kama mko wawili mnaofanya kazi mjini nauli peke yake ni 312,000, zaidi ya mara mbili ya kodi yenyewe. Hapo ndio unalinganisha na nyumba ya karibu na mjini. Wapo ambao hesabu bado inawalipa, hasa mwenye familia kubwa, anayefanya kazi Kimara, Ubungo au kwenye viwanda vya Kibaha kwenyewe, au mwenye zamu za usiku anayekwenda wakati wenzake wanarudi. Wapo ambao haiwalipi, na ni bora ujue kwenye karatasi.

Ukimaliza hela hesabu muda, na muda uhesabu kwa siku mbaya. Barabara ya Kimara mpaka Kibaha imepanuliwa, kilomita 19 na ushee, njia nane, na imesaidia sana ukilinganisha na zamani, lakini msongamano haukufa, ukishuka Kimara kuelekea Ubungo unaukuta unakusubiri. Na usiyategemeze maisha yako kwa usafiri wa aina moja. Mwendokasi tangu ianze 2016 imeokoa watu wengi wa njia hii, ila zipo siku mabasi yanakuwa machache na foleni ya abiria Kimara haisogei, kwahiyo ujue mapema siku hiyo utapita wapi.

Hatua ya 2: Ipite hiyo njia mwenyewe, jumatatu

Usiende kuangalia mtaa jumapili saa nne asubuhi. Jumapili kila mtaa ni mzuri. Omba kulala kwa ndugu au rafiki anayeishi maeneo hayo jumapili usiku, alafu jumatatu uondoke nae.

Utaona kitu ambacho hakuna dalali atakuambia. Daladala zinazotoka Maili Moja zikifika Kibamba asubuhi zimeshajaa, konda ananing'inia mlangoni, zinapita bila kusimama au zinasimama mtu mmoja ajibane. Ndio maana utaona watu wa Kiluvya na Kibamba wanapanda gari linalokwenda juu Kibaha, wanakaa kwenye siti, gari likifika mwisho linageuza nao wakiwa ndani. Ndio huko wanakoita kugeuza na gari. Unalipa nauli mbili na unapoteza nusu saa lakini unafika mjini umekaa. Kwahiyo mtu wa mwanzo wa gari, yani Maili Moja, pamoja na kuwa mbali zaidi, mara nyingi anasafiri vizuri kuliko mtu wa katikati. Hili peke yake linaweza kubadilisha uamuzi wako wote. Kama huna nguvu za kugombania, au una mimba, au mgongo unasumbua, tafuta nyumba karibu na gari linapoanzia na sio linapopita.

Jioni rudi kwa njia ile ile, uwe Mbezi saa moja usiku. Angalia watu wanavyoingia, wengine kupitia dirishani, alafu shuka kituo cha huo mtaa unaoutaka na utembee mpaka kwenye nyumba. Kuna taa? Kuna watu njiani? Boda wanatoza ngapi saa ile, na mvua ikinyesha ngapi? Waulize wao wenyewe kijiweni, watakuambia bila kuficha, kwa sababu ndio wanaokubeba kila siku.

Hatua ya 3: Umbali kutoka lami, na upande wa barabara

Ukiambiwa "dakika tano tu kutoka lami" uliza dakika tano za nini, za mguu au za pikipiki. Huku kuna milima na mabonde, na barabara za ndani nyingi ni za udongo. Kiangazi gari dogo linafika mpaka getini, masika, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, maji yanachimba mifereji katikati ya njia na boda anakushusha anakuambia mama hapa sivuki. Kama unaweza, ikague nyumba siku ya mvua au kesho yake. Kama ni kiangazi tazama chini, ukiona njia ina mfereji mkavu uliochimbika kwenye magoti, au kuta za nyumba zina alama ya tope kwa chini, umeshajibiwa.

Upande wa barabara nao una maana. Jioni gari kutoka mjini linakushusha kushoto. Kama nyumba yako iko kulia, kila usiku unavuka njia nane na magari ya mikoani yanatembea kweli kweli. Ukikaa kushoto, kuvuka kwako ni asubuhi. Bado ni kuvuka, ila hujachoka na mko wengi. Kwa mwenye mtoto anayekwenda shule kwa mguu mimi ningesema chagua upande ambao shule ipo, basi, mengine yafuate.

Na nyumba zilizo jirani sana na lami angalia kama zina alama ya X, ile ya kubomolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na wapangaji walikuwemo humo kama wenye nyumba tu.

Hatua ya 4: Dalali

Dalali wa maeneo ni muhimu, bila yeye utazunguka mpaka viatu viishe. Kawaida yao ni kodi ya mwezi mmoja ukipata nyumba, na wengi wanataka hela ndogo ya kukuzungusha kabla hujaona chochote. Hiyo hela ya kuzungushwa kubaliana nayo mwanzo, na useme wazi, "kaka, mimi nataka chumba sebule choo ndani, maji ya bomba ya DAWASA, isiwe zaidi ya laki na nusu, kama hauna ya hivyo usinipeleke," maana ukiwa mpole atakuonyesha nyumba tano ambazo zote hazifanani na ulichomwambia na hela umeshatoa.

Hela ya dalali inalipwa siku unayolipa kodi, baada ya kuonana na mwenye nyumba uso kwa uso. Kodi yenyewe dalali haishiki. Hata akisema mwenye nyumba yuko Mwanza au yuko nje ya nchi, basi mwenye nyumba apige simu, aeleze ni ndugu gani anamsimamia, na huyo msimamizi awe anajulikana serikali ya mtaa. Nyumba moja kukodishwa kwa watu watatu kwa siku moja ni kitu kinachotokea, mara nyingi anayefanya hivyo ni mpangaji anayehama ambaye bado ana funguo, anajifanya ndio mwenye nyumba, wote watatu mnakutana jumamosi na magari ya mizigo getini.

Na ule ujumbe wa "ile hela ya kodi tuma kwenye namba hii" hata uje kwa lugha ya upole namna gani usiujibu, piga namba ya mwenye nyumba unayoijua umsikie sauti.

Hatua ya 5: Kukagua nyumba

Maji ndio mwanzo. Fungua bomba mwenyewe, usiridhike kuliona tu. Kisha uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na hilo swali muulize mpangaji mwingine pembeni wakati mwenye nyumba hayupo. Ukanda huu una bahati kidogo kwa sababu maji ya Ruvu Juu yanatoka Mlandizi na kupita huku huku kuelekea mjini, lakini kupita bomba kubwa sio kufika kwenye kila nyumba, mlimani presha inakuwa ndogo. Na mto ukipungua wote tunaumia, oktoba 2022 DAWASA, mamlaka ya maji, walitangaza mgao wa maji Dar na Pwani. Kwahiyo simtanki, tangi la kuhifadhia maji, sio anasa. Uliza ni la lita ngapi na mnachangia familia ngapi. Simtanki la lita elfu moja kwa familia tano ni siku moja na nusu hivi, likiisha mnaanza kununua kwa dumu au kuchangishana hela ya boza, gari la maji. Kama ni kisima onja, alafu nawa mikono kwa sabuni ya kawaida, maji ya chumvi sabuni inagoma kutoa povu, na kufulia hayo maji utaumia.

Umeme sasa. Hapa omba kuona meseji ya mwisho ya LUKU, yani ya kununua umeme, ni kitu cha kawaida kuomba. Ukiona elfu tano imetoa uniti 14, mita iko kwenye bei ya kawaida. Ukiona elfu tano imetoa uniti 40 na kidogo, ni ile ya watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na hiyo kwenye nyumba ya mpangaji mmoja ni neema kubwa, usiipoteze kwa kuunganisha jiko la umeme. Meseji ikiwa ya manunuzi ya kwanza ya mwezi uniti zitakuwa pungufu kwa sababu kodi ya jengo inakatwa humo, tangu 2021 ndio utaratibu, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi. Hiyo kodi ni ya mwenye jengo. Wapangaji wengi wanaibeba tu kimya kimya. Mwambie kwa heshima muandike kwenye mkataba kwamba itatolewa kwenye kodi ya nyumba, 18,000 kwa mwaka sio nyingi lakini ni yake.

Kama mita ni moja kwa wapangaji wengi uliza kama kuna sabmita, ile mita ndogo ya kila mpangaji. Kama hakuna, jua unaingia kwenye ugomvi wa friji. Mwenye friji, mwenye pasi, mwenye taa mbili na simu, wote mnachanga elfu kumi kumi, na uniti zikiisha saa nne usiku kila mtu anamsubiria mwenzake anunue. Sabmita inauzwa madukani ya vifaa vya umeme, na kama nyumba umeipenda sana mshauri mwenye nyumba muweke kila mmoja ya kwake. Mimi nyumba ya LUKU moja bila sabmita ningeiacha, hata iwe na taizi mpaka ukutani.

Choo, uliza shimo limejengwa lini na likijaa gari la kunyonya analipa nani. Mtandao wa simu, ingia chumba cha ndani kabisa upige simu, baadhi ya mabondeni laini moja inashika na nyingine haishiki.

Alafu harufu. Watu huku wanafuga kuku wengi sana, mabanda ya kuku mia tano au elfu nyuma ya ukuta ni kitu cha kawaida, na asubuhi ukija na hewa ya baridi hutasikia kitu. Rudi saa nane mchana jua likiwa kali. Sina ubaya na wafugaji, mayai tunakula wote, ila nzi wa banda la jirani wanakuja mpaka kwenye sahani ya mtoto na mwenye nyumba hana la kufanya. Hivyo hivyo uliza kuhusu baa na spika za mikesha ijumaa na jumamosi usiku, kama kilichokuleta huku ni utulivu basi utulivu nao ukaguliwe.

Hatua ya 6: Mwenye nyumba, mkataba na hela

Kabla ya kulipa, pita ofisi ya serikali ya mtaa, useme unataka kupanga kwa fulani nyumba namba fulani, uulize kama ni yake na kama haina mgogoro. Hapa kuwa makini kidogo Kiluvya, maana mpaka wa Dar na Pwani unapita huko, ukivuka kidogo uko upande wa pili na ofisi ni nyingine. Mjumbe wa hapo jirani atakuelekeza.

Ukikaa na mwenye nyumba kuongea, hasa akiwa mtu mzima, anza kwa utaratibu. "Shikamoo mama, nyumba nimeiona nimeipenda, naomba tuongee kidogo kuhusu malipo." Wengi wanataka miezi sita, na ukiomba mitatu kwa mara ya kwanza wengine wanakubali, hasa nyumba ikiwa imekaa wazi muda mrefu, na utaijua kwa majani uani na vumbi madirishani. Kwa nyumba ya laki na nusu, miezi sita ni laki tisa, dalali laki na nusu, tayari milioni moja na elfu hamsini kabla ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha kuhamishia vitu. Ndio maana nasema omba mitatu, ili kama njia ikikushinda utoke bila kuacha hela nyuma.

Lipa kwa benki au simu ili ibaki rekodi, na jina linalokuja lilingane na la kwenye mkataba. Mkataba wa kununua dukani wa ukurasa mmoja unatosha kama mtaongeza kwa mkono mambo haya: kodi haipandi ndani ya muda uliolipiwa, notisi ya kuhama ni miezi mingapi kwa pande zote mbili, matengenezo ya bati, mabomba na shimo ni ya nani, na ukitengeneza wewe kwa makubaliano inakatwa kwenye kodi. Shahidi mmoja kila upande, namba za vitambulisho vya NIDA, saini. Piga picha kila ufa, kioo kilichopasuka, kitasa kibovu, mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo kwa wasap, ili siku ya kuondoka usidaiwe dirisha ulilolikuta. Kukitokea mgogoro anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, isipowezekana kuna baraza la kata ambalo kazi yake ni kusuluhisha, na juu yake baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Hatua ya 7: Ukishahamia

Siku ya kwanza badilisha kitasa cha mlango wa nje. Mpangaji aliyepita, fundi wake, dada wake wa kazi, hujui nani ana funguo.

Wiki hiyo hiyo kajiandikishe serikali ya mtaa. Watu wanalipuuza hili mpaka siku wanahitaji barua ya utambulisho ya benki, au ya kumdhamini mtu, mtendaji anawauliza unakaa wapi mbona sikufahamu. Ulizia hela ya ulinzi na ya gari la taka ni ngapi, uwe unalipa, huku vichaka bado viko vingi na ulinzi shirikishi ndio unaotufanya tulale.

Chukua namba za boda wawili wa kijiweni, mmoja wa alfajiri na mmoja wa usiku, na namba ya bajaji moja kwa ajili ya mgonjwa. Hospitali kubwa ziko karibu kuliko watu wanavyodhani, Mloganzila kwa watu wa Kibamba na Tumbi kwa watu wa Kibaha, tatizo ni kutoka ndani mpaka lami saa nane usiku. Mpeleke huyo wa bajaji mpaka getini mchana aijue nyumba.

Mtoto kama anasoma mjini, fikiria kumhamisha. Gari la shule litampitia saa kumi na moja na litamrudisha jioni amelala kwenye siti, sioni faida ya mwembe uani kama mwenyewe hauoni kwa mwanga wa jua.

Na kodi ikibaki miezi miwili kuisha mfuate mwenye nyumba mapema, kabla yeye hajakufuata, umuulize kama bei ni ile ile. Akitaja mpya una muda wa kujadiliana au kutafuta nyingine mtaa huo huo, kipindi hicho tayari unawajua watu, mama wa genge na boda wa kijiweni watakuambia nyumba gani inakaribia kuwa wazi, na dalali hutamuhitaji tena.